Niuroni za kioo: namna ya kuzitumia unaposikiliza, unapojifunza na unaponunua

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inazieleza niuroni za kioo vizuri kuliko maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni, yale yanayodai kwamba kichwani mwako mna kioo kinachonasa kila anachohisi mtu mwingine. Kioo cha namna hiyo hakipo. Kilichopo ni seli za ubongo zinazoamka unapotenda jambo, na zinazoamka tena unapomwona mwingine akilitenda. Kadiri mwili wako ulivyolizoea jambo lenyewe, ndivyo ubongo unavyoitika ukiliona kwa mwenzako. Ukilishika hilo, utajua kwa nini video uliyoitazama mara kumi bado haijakufundisha kitu, kwa nini unamwelewa vibaya mtu unayemwonea huruma kwa dhati, na, ukiongeza seli jirani zake tutakazozitaja mwishoni, kwa nini mkono wako unakwenda kwenye kikombe dukani kabla hujaamua kukinunua.

Kwanza, kilichoonekana hasa

Mapema katika miaka ya 1990, timu ya Giacomo Rizzolatti katika Chuo Kikuu cha Parma, Italia, ilikuwa ikipima ubongo wa tumbili aina ya makaki. Elektrodi nyembamba, yaani nyaya za kupimia umeme wa seli, zilichomekwa katika eneo liitwalo F5, lililo upande wa mbele wa ubongo, linaloandaa mkono na mdomo kutenda. Baadhi ya seli ziliamka tumbili alipookota kitu, kisha zikaamka vilevile alipomwona mtafiti akiokota. Taarifa ya kwanza ilitoka mwaka 1992. Katika ripoti ya 1996, niuroni 532 zilipimwa kwa tumbili wawili, na 92 tu ndizo zilizokuwa na tabia hiyo. Hiyo ni chini ya moja kwa kila tano, tena ndani ya eneo lilelile zilikogunduliwa. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema “ubongo wote ni kioo”, jua kwamba amezidisha.

Majaribio yaliyofuata yalionyesha seli hizi zinafuata nini. Mtafiti akiigiza kushika hewani, bila kitu, nyingi zinanyamaza. Mkono ukiishia nyuma ya pazia, lakini tumbili akijua nyuma yake kuna kitu, nyingi zinaitika hata kama tendo lenyewe halionekani (2001). Sauti peke yake, kama ya karatasi inayochanwa, inatosha kuamsha baadhi yake (2002). Na kuna seli zinazoitika mkono unaposhika chakula ili kukila, lakini si unapokishika ili kukiweka kwenye chombo (2005). Yaani zinafuata tendo na lengo lake, na umbo la mkono peke yake halizitoshi. Kumbuka hili utakapofika sehemu ya kurekodi video.

Kwa binadamu ushahidi ni wa aina nyingine. Mwaka 2010 Roy Mukamel na wenzake walipima niuroni 1,177 za wagonjwa 21 wa kifafa ambao tayari walikuwa wamewekewa elektrodi kwa ajili ya matibabu. Walizikuta seli zinazopanda mtu anapotenda na anapotazama. Walizikuta pia nyingine zinazopanda anapotenda na kushuka anapotazama. Hizo za pili zinaelekea kuwa breki: bila kitu kama hicho, ungeiga kila unachokiona na usingejua tendo ni la nani. Tafiti nyingine nyingi za binadamu zimetumia mashine ya MRI, ambayo hupima damu inavyotiririka katika eneo lenye maelfu kwa maelfu ya seli, haioni niuroni moja moja. Ndiyo maana kwa binadamu ni salama zaidi kusema “mfumo wa kuakisi” kuliko kunyooshea kidole seli fulani.

Wanasayansi hawajakubaliana kazi ya seli hizi ni ipi. Gregory Hickok alipinga kwa hoja nzito mwaka 2009 dai kwamba ndizo zinazotupa uwezo wa kuelewa matendo. Cecilia Heyes anasema hatuzaliwi nazo zikiwa tayari, zinajengwa na mazoea ya kutenda na kuona kwa pamoja. Mwongozo huu unaegemea kwa Heyes, kwa sababu maelezo yake yanapimika, na kipimo chenyewe unaweza kukionja hapo ulipo.

Zoezi la vidole

Kaa mezani uso kwa uso na mwenzako. Kila mmoja alaze kiganja cha mkono wa kulia mezani. Yeye akiinua kidole cha shahada, nawe inua cha shahada. Akiinua cha kati, nawe cha kati. Fanyeni hivyo mara 20. Ni rahisi, karibu kidole kinainuka chenyewe.

Sasa geuzeni. Akiinua cha shahada, wewe inua cha kati. Akiinua cha kati, wewe inua cha shahada. Tazama kinachotokea katika mara kumi za mwanzo: kidole kisichotakiwa kinatikisika, kinanyanyuka kidogo, kisha unakirudisha kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza. Mtikisiko huo ndio kuakisi kwenyewe, unakuona kwa macho yako. Endeleeni kwa dakika tano. Mwenzako abadilishe mpangilio na aachie sekunde moja au mbili kati ya kidole na kidole. Akiinua kwa zamu, shahada, kati, shahada, kati, zoezi limeharibika: utakuwa unakariri wimbo, hujizuii kuiga.

Mwaka 2007 Caroline Catmur, Vincent Walsh na Heyes walitumia zoezi la namna hii, kwa kidole cha shahada na kidole cha mwisho. Kabla ya mazoezi, kuona kidole cha shahada kikitembea kuliuamsha zaidi msuli wa kidole cha shahada cha mtazamaji. Baada ya mazoezi ya kinyume, mwitikio uligeuka. Kioo kilipindishwa kwa mazoezi, na kinachopindishwa na mazoezi kinaweza pia kujengwa na mazoezi. Halafu mwaka 2012 Idalmis Santiesteban na wenzake walionyesha kwamba waliofunzwa kujizuia kuiga walikuwa bora kuona mambo kwa upande wa mtu mwingine kuliko waliofunzwa kuiga. Matokeo hayo yanashangaza mara ya kwanza, maana tungetarajia kinyume. Lakini kumwelewa mwenzako kunataka ujue kipi ni chako na kipi ni chake, na kuiga tu hakukufundishi mpaka huo.

Kumhisi mwenzako bila kumpotosha

Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake, London, waliwalaza wanawake 16 kwenye skana, yaani mashine ile ya MRI, kila mmoja mwenzi wake akiwa chumba kilekile. Mara mwanamke alipigwa shoti mkononi, mara mwenzi wake. Insula ya mbele na singuleti ya mbele, maeneo yanayobeba ukali wa maumivu kama hisia, yaliamka katika hali zote mbili. Maeneo yanayosema maumivu yako wapi mwilini na ni ya namna gani yaliamka pale tu alipoumia yeye mwenyewe.

Chukua hilo kama kanuni ya kusikiliza: uzito wa mzigo wa mwenzako unaupata, kilichomo ndani hukipati. Hisia nzito inayokupanda kifuani ni ya kweli, ila haikuambii kwa nini analia. Hapo ndipo watu wema wanapokosea. Wanahisi uzito, kisha wanaujaza na mambo yao wenyewe, halafu wanamshauri mtu ambaye hayupo.

Namna ya kufanya ni hii. Kaeni mkiwa mmeelekeana kwa pembe, si ana kwa ana kama mahojiano, na simu iwe mahali isipoonekana. Acha mwendo wako wa kuzungumza ushuke au upande kufuata wake, taratibu. Usiige ishara zake za mikono, wala namna alivyokunja miguu. Kuigana kwa kawaida hutokea bila mtu kutambua. Tanya Chartrand na John Bargh walilionyesha mwaka 1999 kwa watu waliokuwa wakigusa uso au kutikisa mguu kwa kufuata mtu waliyeketi naye. Ukifanya makusudi na mwenzako akagundua, umemdhihaki, na imani aliyokuwa nayo kwako haitarudi siku hiyo.

Kinachoruhusiwa kuigwa waziwazi ni maneno. Rick van Baaren na wenzake, Uholanzi, mwaka 2003 waliripoti kwamba mhudumu wa mgahawa aliyerudia oda za wateja neno kwa neno alipata bakshishi kubwa zaidi kuliko alipozipokea bila kuzirudia kwa maneno yao. Katika mazungumzo ya moyoni kanuni ni ileile. Mtu akikuambia, “Tangu bosi mpya aje, naamka saa tisa usiku na silali tena,” usimjibu, “Pole, una msongo wa mawazo.” Msongo ni neno lako, yeye hajalitaja. Sema, “Unaamka saa tisa, na usingizi haurudi.” Nyamaza kwa pumzi mbili. Kisha uliza swali moja: “Hiyo saa tisa, kinachokujia kichwani ni nini?” Mara nyingi jibu si lile ulilokuwa umeshalijenga. Huenda si bosi kabisa, ni mkopo.

Katika maongezi marefu, jiulize kila baada ya muda: hiki ninachokihisi ni chake au ni changu? Kama wewe pia uliwahi kunyanyaswa kazini, jibu la kweli ni “kwa kiasi kikubwa changu”. Si kosa. Liweke tu pembeni, usimvike.

Kuna mitego mitatu hapa, na haina uzito sawa.

Mdogo ni ganzi ya kazi. Yawei Cheng, Jean Decety na wenzao walionyesha mwaka 2007 kwamba madaktari wanaotibu kwa kuchoma sindano za akupancha hawakuitika kama watu wengine walipoona sindano ikiingia mwilini. Ganzi hiyo ina faida, maana daktari anayetetemeka hachomi vizuri. Kama kazi yako ni maumivu ya watu, usingoje moyo ukuambie nani anateseka. Uwe na maswali maalumu ya kuuliza kila mgonjwa.

Mkubwa zaidi ni upendeleo. Mwaka 2009 watafiti wa China waliwaonyesha Wachina na Wazungu picha za nyuso zikichomwa sindano au kuguswa kwa pamba. Singuleti iliitika kidogo zaidi uso ulipokuwa wa watu wa kundi jingine. Mtu anayefanya usaili, anayegawa misaada au anayeamua kesi ya wanafunzi wawili waliopigana akiufuata moyo wake atakuwa anapendelea watu wa kwao, huku akiamini kabisa kwamba ametenda haki. Dawa yake ni utaratibu: kigezo kiandikwe kabla hujaonana na mtu, na swali lilelile liulizwe kwa kila mmoja.

Mtego unaowaangusha wengi ni kufurika. Anayejitwika kila maumivu huanza kuwakwepa wenye maumivu. Olga Klimecki, Singer na wenzao waliwafunza watu kwanza kuhisi mateso ya wengine, na hisia mbaya zikapanda. Kisha wakawafunza huruma, yaani kumtakia mtu nafuu kwa dhati, na hisia njema zikarudi, huku maeneo mengine ya ubongo yakiamka. Kwa hiyo unapohisi kifua kimebana, usikaze kuhisi zaidi. Weka miguu yote miwili chini, toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta, na badilisha sentensi ya kichwani kutoka “naumia kama yeye” kuwa “namtakia apate nafuu, na leo naweza kufanya hiki kimoja”. Hicho kimoja kiwe cha mkono: kumpigia simu kesho, kumsindikiza, kumtafutia karatasi fulani.

Kujifunza: shika kwanza, tazama baadaye

Hapa ndipo niuroni za kioo zina faida iliyo wazi zaidi, na ndipo zinapotumiwa vibaya zaidi.

Beatriz Calvo-Merino na wenzake waliwaweka kwenye skana wacheza baleti, wacheza capoeira (mchezo wa Brazili unaochanganya ngoma na mapigano) na watu wasiojua kucheza, wakawaonyesha video za michezo yote miwili (2005). Mfumo wa kuakisi wa kila mchezaji uliamka zaidi kwa mchezo wake. Ungeweza kusema ni kwa sababu wameuona mara nyingi. Ndiyo maana mwaka 2006 walirudia kwa wacheza baleti wa kiume na wa kike. Hao hufanya mazoezi pamoja na kuonana kila siku, lakini kuna miondoko ambayo hufanywa na wanaume tu na mingine na wanawake tu. Mwitikio ulikuwa mkubwa kwa miondoko ambayo mtazamaji huifanya mwenyewe, kuliko ile anayoiona tu.

Upande wa pili wa sarafu ulionyeshwa na Michael Kardas na Ed O’Brien mwaka 2018. Watu waliotazama video ya mtu akivuta kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo mara 20 waliamini wataweza zaidi kuliko waliotazama mara moja. Katika majaribio ya stadi nyingine, kama kurusha vishale, imani ilipanda na uwezo ukabaki palepale. Kilichowarudisha kwenye ukweli ni kushika kifaa chenyewe mkononi, hata kwa muda mfupi.

Utaratibu wenyewe unatokana na hayo. Tuchukue fundo la kitanzi kisichokaza, lile linalotumika kumwokoa mtu majini au kufunga mashua, kwa sababu kosa lake linaonekana mara moja. Tafuta kamba ya unene wa kidole kidogo, urefu wa mita moja na nusu.

Kabla ya video yoyote, jaribu mara tatu kutengeneza kitanzi ambacho hakitabana ukikivuta. Utashindwa, na kushindwa huko ndiko kunakokupa la kutazama: sasa vidole vyako vinajua ugumu uko wapi. Ndipo utazame video, isizidi sekunde 40, mara moja, kamba ikiwa mkononi. Kisha fanya. Tengeneza kijitundu kidogo, ncha ikipita juu ya shina, yaani upande mrefu wa kamba. Ncha iingie kijitunduni kutokea chini, izunguke nyuma ya shina, irudi kushuka kijitunduni mulemule. Shika ncha pamoja na upande wa kitanzi ulio karibu nayo, vuta shina. Kitanzi kikubwa kinabaki wazi.

Kikifumuka chote ulipovuta, kosa karibu kila mara ni moja: kijitundu ulikigeuza, ncha ilipita chini ya shina badala ya juu. Usirudie video yote. Rudi kwenye sekunde zile tatu za kijitundu, zitazame kwa kasi ya nusu, simamisha, fananisha na kilichoko mkononi mwako. Sasa jicho linaona kitu ambacho mwanzoni lilikiruka. Ukipata mara tano mfululizo, acha. Rudi kesho yake baada ya usingizi, ufanye mara mbili bila video, ndipo utazame tena kukagua.

Uwiano mzuri wa kuanzia ni huu: kwa kila dakika ya kutazama, dakika nne za kutenda. Anayejifunza ufumaji, gitaa au kuchomelea akigundua kwamba ametazama kwa nusu saa bila kugusa kitu, asimame hapohapo. Tendo refu ligawe vipande vya miondoko mitatu hadi mitano. Zaidi ya hapo, cha kwanza kinasahaulika kabla cha mwisho hakijaonekana.

Anayefundisha ana kazi yake. Philip Jackson, Andrew Meltzoff na Decety walionyesha mwaka 2006 kwamba watu huiga haraka zaidi tendo lililorekodiwa kutoka upande wa mtendaji kuliko lililorekodiwa kutoka mbele yake. Kwa hiyo weka kamera juu ya bega lako, iangalie mikono yako kama macho yako yanavyoiangalia. Ukifundisha ana kwa ana, hama ukae ubavuni mwa mwanafunzi. Ukikaa mbele yake, anageuza kulia na kushoto kichwani huku akijaribu kushika tendo jipya, na mambo mawili hayo yanagombania nafasi moja. Mwenye mkono wa kushoto mgeuzie video iwe kama inavyoonekana kwenye kioo. Programu nyingi za kuhariri zinafanya hivyo kwa kubonyeza mara moja.

Rekodi na kitu chenyewe, usiigize hewani. Onyesha tendo likiwa zima mpaka lengo lake litimie, kisha ndipo ulikate vipande, maana mtazamaji asiyejua mkono unakwenda wapi hajui afuate nini. Acha sauti halisi ya kazi isikike: mkasi ukikata, kamba ikikaza. Muziki unaoufunika mlio huo unamwibia mwanafunzi habari. Kwa wanaojifunza ala, sauti ina nguvu ya pekee. Amir Lahav na wenzake mwaka 2007 waliwafundisha watu wasio wanamuziki kipande cha piano kwa siku tano. Baadaye kukisikia tu, bila kutembeza kidole, kuliamsha maeneo ya ubongo yanayoandaa mikono, kuliko vipande ambavyo hawakuwa wamevifanyia mazoezi. Basi ukiwa safarini, sikiliza rekodi ya wimbo uliokwisha kuucheza. Ule ambao bado hujaugusa utakuburudisha tu.

Watu wanaopona kiharusi hutibiwa pia kwa njia ya kutazama tendo la kila siku kwenye video, kisha kulijaribu papo hapo. Ni tiba halisi, ila mpangilio wake uachiwe mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu kurudia tendo kwa msuli ulio dhaifu kwa mkao mbaya kunajenga mkao mbaya.

Kununua na kuuza

Kizuri chajiuza, ndiyo, ila kwanza kinajishikisha. Na hapa lazima jambo moja lisahihishwe, kwa sababu watu wanalipishwa fedha kwa ajili yake. Semina zinazoahidi “kuamsha niuroni za kioo za mteja” zinauza jina tu. Mshawasha mwingi wa dukani hautoki kwenye niuroni za kioo. Katika eneo lilelile la F5 kuna seli nyingine, ziitwazo niuroni kanoniki, ambazo huamka kwa kuona kitu kinachoshikika, hata kama hakuna mtu anayekishika. Ukiona mpini, ubongo wako tayari umeanza kuandaa mkono.

Ryan Elder na Aradhna Krishna walilipima hilo mwaka 2012 kwa picha za matangazo. Kikombe ambacho mpini wake ulielekea upande wa mkono anaoutumia zaidi mtazamaji kilivutia zaidi kununuliwa kuliko kilekile kikiwa kimegeuzwa. Mtazamaji alipokuwa ameshika kitu kingine kwa mkono huo, faida ilipotea. Na bidhaa ilipokuwa isiyopendeza, kumwezesha mtu ajione akiitumia kulipunguza hamu yake. Maneno hayo matatu yanamtosha muuzaji mwaminifu. Geuza mpini, kijiko au kitufe kielekee kulia mwa picha, kwa kuwa wengi hutumia mkono wa kulia. Usimpe mteja kikapu, kipeperushi na sampuli kwa wakati mmoja, ukimnyima mkono wa kushikia bidhaa. Na kama bidhaa ni mbaya, picha nzuri itaiumbua haraka zaidi.

Video ya bidhaa iwe ya mikono ikitenda, kutoka juu ya bega, na sauti yake halisi, kwa sababu zilezile za kufundishia. Chagua tendo ambalo mnunuzi wako tayari analijua. Kisu kipya kionyeshwe kikikata kitu cha kawaida anachokikata kila siku. Mashine ambayo hajawahi kuigusa haitamwitikisha kwa video, mpe aishike. Ila fahamu uzito wa hilo: Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha mwaka 2009 kwamba kugusa kitu tu kunaongeza hisia kwamba ni chako. Mtu ukishamtia kitu mkononi, usimharakishe. Mwachie muda wa kukirudisha bila aibu. Mteja anayenunua kwa sababu mkono ulishindwa kuachia ndiye anayekirudisha keshokutwa akiwa na hasira.

Ukiwa mnunuzi, ulinzi wako uko mkononi. Ingia dukani na orodha iliyoandikwa, na uishike, au shika funguo, kwa mkono unaoutumia zaidi. Unaponunua kwa simu, kumbuka kwamba kidole kinachogusa picha kwenye skrini ni mkono pia. Uamuzi wa vitu vya bei kubwa ufanye kwenye kompyuta kwa kipanya, au bora zaidi kwa karatasi ulikoandika sifa na bei bila picha. Kitu ulichokishika na kukipenda, kiweke chini kabisa, ondoa mkono, rudi hatua mbili, ndipo usome bei.

Kisha kuna swali moja linalotenganisha hamu na matumizi: tendo ambalo kitu hiki kinafanya, nimelifanya mara ngapi katika siku 30 zilizopita kwa kifaa chochote nilicho nacho? Tangazo la viatu vya mbio linamwamsha mkimbiaji kwa sababu miguu yake inazijua mbio. Asiyekimbia huvutiwa pia, lakini kinachomvuta ni sura ya yule mtu kwenye picha, na viatu havitampa sura ile. Jibu likiwa tatu au zaidi, linganisha bei na ununue. Likiwa sifuri, azima kitu hicho au kodi kwa wiki moja, ukitumie kwa tendo lenyewe walau mara tatu, kisha urudi kukiangalia tena dukani, funguo zikiwa bado mkononi.